Muramura wa Deodatha

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, siku niliyokwenda Murongo kumtazama dada yangu mgonjwa. Niliporudi hapa Nkwenda nikakuta kigingi cha zege kimesimamishwa kichwani kwa mke wangu.

Deodatha nilimzika kibanjani, katikati ya migomba, kama tulivyomzika baba. Sikumjengea kaburi. Nilichomeka tawi la muramura tu, maana mti ule hata uukate vipi unachipua, naye alikuwa hivyo hivyo. Sasa kwetu muramura ndio mpaka wa shamba, kila mtoto anajua. Wapimaji wa ardhi walipouliza mpaka wangu na wa jirani yangu Saleh uko wapi, mwenyekiti wetu wa kitongoji, Melkiory, akawaonyesha huo wa kaburini. Melkiory huyu huyu aliyeshika jembe siku ya maziko, akala ndizi za matanga hadi akalegeza mkanda.

Basi mke wangu akawa upande wa Saleh, mwenye duka la mabati, anayejenga ghorofa la kupangisha. Wakubwa wametangaza kwamba hapa si mashamba tena, ni makazi ya msongamano. Viwanja vimekuwa vidogo na nyumba zinapanda juu. Ukioga uani, wapangaji wanakuhesabu mbavu.

Nilimfuata Saleh. Alisema yeye kapewa ramani tu, ukanda ule ataurudisha bila ugomvi.

"Ila mzee wangu," akasema, "hata wakikurudishia, watakwambia umtoe mama."

Nikadhani ananitania.

Mkutano ukaitwa, akaja afisa mipango miji kutoka wilayani. Melkiory alikiri kwamba aliuona muramura akasahau kaburi. Speciose, muuza maharage, akamuuliza, "Umesahau hata ulikoshibia?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Afisa akasema kigingi kitasogezwa, hilo ni dogo, lakini kaburi haliruhusiwi ndani ya kiwanja, litahamishiwa makaburi ya umma kule mlimani. Nikauliza ramani hiyo aliipitisha nani. Akasema wananchi tulishirikishwa. Labda walishirikisha migomba, maana mimi hakuna aliyenigongea mlango.

Kigingi walikisogeza. Nami nikakata matawi ya muramura, nikayapanda kulizunguka kaburi, yamebanana hata kuku hapenyi. Mvua za vuli zilipokuja yote yakashika.

Melkiory akaja kunibembeleza. Kaka, unatugombanisha na wilaya. Nikamwambia, "Lete jembe lako. Kaburi unalijua, ulilichimba. Lifukue kwa mkono wako mwenyewe, mimi nitakaa nikutazame." Akaondoka, na njia ya kwangu hapiti tena, anazungukia kanisani.

Juzi afisa kaja mwenyewe. Aliniamkia vizuri, shikamoo mzee, nami nikaitika marahaba, kijana wa watu. Akasema sheria ni sheria. Nikamfungulia upenyo kwenye ule ua, nikamwonyesha nafasi iliyobaki ubavuni pa Deodatha, niliyoisafisha na kuitandikia nyasi. Ni yangu hiyo, nikamwambia, na wanangu wameshaoneshwa. Halafu nikamuuliza jambo moja tu. Aligeuka akatazama ghorofa la Saleh, akapanda pikipiki yake akaenda zake. Melkiory naye nimempelekea swali hilo hilo:

Siku nikifa, nani kati yenu atasimama mbele ya jeneza langu na kunizuia nisilale hapa?