Kichwa Kilichosukwa Nusu

Mteja alipojitazama kwenye kioo alidhani anataniwa. Upande wa kulia mistari imelala sawasawa. Upande wa kushoto nywele zimesimama wima. Msusi alikuwa ameshampigapiga begani, "Haya, umependeza," na kushika ufagio.

"Mama, nusu bado!" alisema binti wa msusi, ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa akisuka naye kiti kwa kiti.

"Nimemaliza. Mimi nimesuka maharusi wewe hujazaliwa."

Binti alikimalizia kile kichwa mwenyewe, midomo ameibana kwa hasira. Kwa miezi kadhaa mama alikuwa akificha vitana, kisha anamshutumu yeye kwa wizi. Swali moja aliliuliza mara tano. Shangazi alisema ni mkono wa mtu. Majirani wakasema uzee. Binti aliona ni ukaidi mtupu, na alimjibu mama yake kwa ukali, wakati mwingine mbele ya wateja.

Baada ya kichwa kile alimpeleka hospitalini. Daktari alimpima mama presha, akamwomba achore saa. Mama alirundika namba zote upande mmoja.

"Saa zenu mbovu," alisema, na daktari akacheka naye.

Picha za ubongo zilipotoka, daktari alimwita binti pembeni. "Presha imekuwa juu miaka mingi, bila dawa. Mishipa midogo ya damu kichwani imeziba mmoja baada ya mwingine, na sehemu zilizokosa damu zimekufa. Kuna wanaopoteza kumbukumbu kwa sababu nyingine. Kwake yeye ni hii."

"Kwa hiyo hafanyi makusudi?"

"Hata kidogo."

"Atapona?"

"Kilichokufa hakirudi. Ila tukiishusha presha, huenda tukachelewesha mengine."

Binti alitamani kuuliza kama kuna dawa ya maneno aliyokwisha kumtupia mama yake.

Siku hizi yeye ndiye anayegawa nywele na kuzibana mafungu. Mama anasuka fungu mojamoja, vidole vikienda vyenyewe. Kuna siku anagoma, anatupa kitana, wanafunga mapema.

Juzi mama alimtazama sana, kisha akamuuliza mteja, "Huyu msichana mmemtoa wapi? Anajua kazi."

"Nimefundishwa," binti alijibu.

"Na nani?"

"Na wewe, mama."

Mama alicheka hadi machozi, akidhani ni utani, akanyoosha mkono apewe fungu lingine.