Ukuta wa Geraghty Ulioanzia Ghorofa ya Saba

Fintan Geraghty alikuwa mwashi hodari mwenye mdomo mkubwa, na mdomo ndio uliomponza. Miaka ile Chicago walishaanza kujenga maghorofa kwa mifupa ya chuma, na kuta, jamani, zinavalishwa baadaye kama shati! Geraghty alizoea ukuta uanzie ardhini, mnene, ubebe nyumba nzima. Basi Torsten, kijana wa Kiswidi aliyefunga boriti za chuma, alipokuja kumposa Honora, binti wa Geraghty, mzee alimcheka mbele ya watu wote baani. Tangu mkewe afariki alibaki na binti huyo tu, na kumwoza hakutaka.

"Siku nikijenga ukuta unaoning'inia hewani, nikakiri mwenyewe kwamba hautaanguka, mchukue!"

Wenzake wakagonga meza kwa kicheko, na asubuhi wote wakakumbuka, walevi wale.

Oktoba, mawe ya ghorofa za chini yakachelewa machimboni. Msimamizi hakuwa na subira.

"Geraghty, anzeni matofali ghorofa ya saba."

"Ya saba? Na chini pana nini?"

"Upepo."

Angegoma, lakini baridi ilikuwa mlangoni na kazi nyingine hakuna. Akapanda, akapanga matofali huku akitukana chuma, Waswidi na mama zao. Ila mikono yake haikujua kulipua kazi. Kila safu aliipima kwa timazi. Ukuta ukafika kimo cha mtu, umenyooka, na chini yake hakuna kitu.

"Umesimama, mzee," Torsten akasema.

"Thubutu! Utaanguka. Ngoja uone."

Mchana Honora akaleta chakula. Akaketi juu ya ndoo pale ardhini, chini kabisa ya ukuta ule, akaanza kula viazi vya baba yake.

"Toka hapo!" Geraghty akapiga kelele kutoka juu. "Utaangukiwa!"

"Na ukuta wa nani, baba?"

Waashi wote wakashusha miiko, wakamtazama Geraghty. Akisema utaanguka, basi kajenga takataka, yeye! Akisema hautaanguka, nyumbani atakula peke yake. Roho ilimuuma hasa.

"Ukuta wa Fintan Geraghty hauanguki!" akanguruma, mpaka farasi wa mikokoteni wakashtuka.

Wenzake wakashangilia. Geraghty akafuta macho kwa mkono wenye chokaa, yakazidi kumchoma, kisha akamgeukia Torsten.

"Mchukue! Ila Jumapili umlete kwangu. Kila Jumapili, unanisikia wewe?"