Nywele Zisizo na Kopo

Kuanzia shingo kwenda chini, Mama Piko alikuwa mke wa mtu na mama wa mtu. Kuanzia shingo kwenda juu alikuwa mali ya duka.

Kila mwisho wa mwezi, mvi zikishaanza kuchungulia kwenye mizizi, alipandishwa kwenye kiti kirefu nyuma ya kioo cha duka la vipodozi, akafungwa plastiki shingoni kama mtu anayengoja hukumu, na wapita njia wakakusanyika kushuhudia. Mpakaji alikuwa mfanyakazi mwenzake, msichana aliyeitwa Kope kwa heshima ya zile alizobandika, ambazo zilikuwa ndefu kiasi kwamba akipepesa macho karibu na mshumaa, mshumaa ulikuwa hatarini. Kope alipaka piko, ile rangi nyeusi ya nywele, upande mmoja wa kichwa, akauacha mwingine kwanza, ili watu waone tofauti kwa macho yao wenyewe. Kisha alimalizia upande wa pili, na makopo ya Weusi Daima yakaanza kutoka rafuni. Weusi huo ulikuwa wa daima kwa wiki chache, halafu daima iliisha na kiti kikarudishwa kiooni.

Mama Piko hakukipenda kiti. Alichokipenda ni kaunta. Nyumbani hakuna aliyemuuliza maoni yake juu ya jambo lolote. Hata mapazia yalichaguliwa na mumewe, mwalimu wa udereva, aliyeamini kwamba mtu anayezijua taa za barabarani anazijua na rangi nyingine zote. Lakini pale kauntani wanawake walisimama mbele yake na makopo mawili mkononi, wakamuuliza, "Mama Piko, wewe unaonaje?" Halafu, ajabu ya Mungu, wakangoja jibu.

Na majibu alikuwa nayo. Losheni ya Lulu alisema inanukia kuliko inavyofanya kazi, kama wachumba wengine. Krimu ya Ua la Asubuhi aliisifu, ila aliwaonya kwamba ikifika adhuhuri ua limenyauka na usoni pametoka mafuta ya kutosha kukaangia yai. Sabuni ya Malkia aliikubali bila masharti, kwa sababu haikuahidi kitu chochote ila kutoa uchafu. "Kizuri chajiuza," alikuwa akisema, "kibaya chajitembeza," kisha akayatupia jicho mabango ya ukutani, ambayo yalikuwa yanatembeza kwa bidii sana. Kopo moja tu hakuwahi kulisemea. Akiulizwa juu ya Weusi Daima, aligusa kichwa chake na kusema, "Si unaona mwenyewe?" Halikuwa jibu, lakini halikuwa uongo pia. Mama Piko alijivunia kwamba tangu aanze kazi hajawahi kumdanganya mteja.

Vidonda vilianzia nyuma ya masikio. Mwanzoni alisingizia joto, kisha akasingizia mto, kisha akakosa cha kusingizia. Muuguzi wa zahanati alizipambanua nywele zake kwa kijiti, halafu akamwambia kwamba dawa ya kupaka atampa, lakini akiendelea na piko atabaki na fuvu lisilohitaji rangi wala kitana.

Basi akaenda kwa mwenye duka. Huyu alikuwa mwanamume mpole mwenye upara kamili, yaani mtu pekee dukani ambaye bidhaa zake hazikumhusu. Mama Piko aliomba jambo moja: ashushwe kitini, aachwe kauntani na kichwa chake kama alivyopewa na Mungu. Alikuwa amejiandaa kubembeleza, na ikibidi kulia kidogo. Mwenye duka alikubali kabla hawajafika kwenye machozi. Mtu mwenye akili timamu angeogopa papo hapo. Mama Piko alishukuru.

Nywele zilipoota vya kutosha alizikata zote zenye rangi, akabaki na mvi fupi, nyeupe pe. Alijitazama kwenye kioo cha bafuni mpaka watu wakagonga mlango. Mle kiooni alimwona marehemu mama yake, akiwa kama anataka kucheka.

Mumewe alipomwona aliweka kijiko chini. Kwa upole wa mtu anayemfundisha mwanafunzi kurudi nyuma, alieleza kwamba yeye binafsi hana tatizo; tatizo ni watu. Mke akitembea na kichwa kile, watu watapiga hesabu, na hesabu ikipigwa haishii kwa mke. Mama Piko alikitazama kidevu cha mumewe, kilichokuwa cheusi kama tairi jipya, na ambacho tangu zamani kilikuwa kikikomba mabaki ya kila kopo alilorudi nalo kutoka kazini. Akamwongezea mchuzi. Ya chumbani yana wenyewe.

Binti yao, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, alimzunguka mama yake polepole kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Mama, umeiva," alisema. Hilo ndilo neno zuri pekee aliloambiwa chini ya paa lile, na hata hilo lilifuatwa na ombi la simu mpya.

Dukani mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotarajia, na hapo ndipo pa kuhuzunisha. Tangu kichwa kianze kusema kweli, ulimi nao ulifuata. Kulikuwa na mteja wake wa siku nyingi, mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila kilemba. Siku moja alilishika kopo la Weusi Daima na kuuliza lile swali, na kwa mara ya kwanza Mama Piko alilijibu. Alimwambia inaunguza, inanuka betri, na inaisha kabla hujaizoea. Mwalimu akalirudisha kopo rafuni kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

Hakuonekana kwa muda mrefu. Alipokuja tena hakununua kitu. Alisogea kauntani, akakilegeza kilemba kidogo tu upande mmoja, kama askari kanzu anayeonyesha kitambulisho. Mvi zilikuwa zimeota.

"Nakufuata wewe, mdogo wangu," alisema. "Ukirudi nyuma, utanirudisha na mimi."

Mama Piko alitembea siku nzima kana kwamba ameongezewa urefu.

Ndipo watu wa kampuni ya Weusi Daima walipokuja na mpiga picha. Mwenye duka alieleza kwamba wanatafuta sura ya kweli, mtu asiyejificha. Mama Piko alivaa hereni zake nzuri, akajipaka mafuta, akakaa mbele ya kitambaa cheupe tayari kutabasamu. Mpiga picha akamwomba avue hereni. Akamwomba asitabasamu. Akamwomba alegeze mabega, ainamishe uso, afikirie jambo linalomchosha. Mama Piko alidhani ndivyo picha za heshima zinavyopigwa, kama zile za pasipoti. Alimfikiria mumewe, na mpiga picha akasema hapo hapo, usisogee.

Bango lilipofika lilikuwa na kimo cha mlango. Kushoto alikuwa yeye, kijivu kuanzia nywele hadi roho, na chini yake neno moja: KABLA. Kulia alikuwa Kope, nywele nyeusi tii, meno yote nje, na masikioni hereni zile zile. BAADA. Katikati palichorwa mshale, kwa faida ya wale ambao wangeweza kukosea njia.

Lilibandikwa kiooni, pale pale pa kile kiti, na kufikia jioni jina la Mama Piko lilikuwa limezikwa. Wauza vocha walimsalimia kwa jina la Kabla. Watoto waliotoka shule walimfuata nyuma wakimuuliza Baada amemwacha wapi. Mumewe alipelekewa na wanafunzi wake salamu za shemeji Kabla, akarudi nyumbani na kupaka ndevu mchana kweupe, mlango wazi. Kope alilia machozi ya kweli, kope moja ikamdondokea shavuni, akaapa kwamba alidhani hereni ni za kampuni.

Mama Piko alikwenda kumwomba mwenye duka aliondoe bango. Mwenye duka hakubisha. Alisema litaondolewa, tena wiki hiyo hiyo, kwa sababu weusi umechuja sokoni. Wasichana sasa wanataka mvi. Kampuni imeleta kopo jipya liitwalo Fedha Asili, na kauntani anatakiwa mtu mwenye kichwa cha fedha.

Mama Piko alicheka kwa mara ya kwanza tangu bango lifike. "Sasa bosi, huyo si mimi?"

Mwenye duka alitikisa upara taratibu. Alikuwa anamhurumia kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomtisha Mama Piko.

"Zako ni nzuri, mama, sikatai. Lakini si wewe unayesema kizuri chajiuza? Zako haziuzwi. Hazina kopo. Mteja akikuuliza umepaka nini, utamjibu nini? Umezeeka?"

Mwenye duka akampa njia mbili. Ama apande kiti Jumamosi, apakwe Fedha Asili mbele ya watu, abaki na kaunta yake na kulisemea kopo. Ama kaunta achukue Kope, yeye aende stoo, chumba kisicho na dirisha, kukaa na maboksi ambayo hayamuulizi mtu anaonaje.

Alitembea na neno hilo kama kokoto kiatuni. Mumewe alishauri apakwe, akauliza kama lipo na la ndevu. Bintiye pengine angeshauri vingine, lakini alikuwa amesharudi bwenini, na ada ya bweni nayo ilikuwa na maoni yake.

Jumamosi akapanda kiti.

Kope alisoma maelekezo ya kopo kwa sauti, akarudia, na mara ya pili sauti ikamshuka. Fedha Asili haikutengenezwa kwa ajili ya nywele nyeupe. Ilitaka nywele nyeusi, zing'olewe rangi kwa dawa, ndipo zipakwe fedha. Mbali na hayo, watu wa nje ya kioo wasingeona baada bila kuonyeshwa kabla. Mwenye duka hakuona ugumu wowote. Aliagiza Mama Piko apakwe kwanza Weusi Daima.

Na ikatendeka. Iandikwe, kwa faida ya vizazi vijavyo, kwamba mwanamke mwenye mvi alipakwa weusi, ili avuliwe weusi, ili apakwe mvi. Piko iliuma kama zamani. Dawa ya kung'oa rangi iliuma kuliko zamani, ikatafuta njia mpaka nyuma ya masikio, pale palipokuwa na vile vidonda. Kope alimpuliza pale kwa siri, kama mtoto aliyeanguka, huku akijifanya anakagua mizizi. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kidonda cha nani, hawakusema.

Fedha iliyotokea ilikaribia sana ile aliyoamka nayo asubuhi, ila ilikuwa na ubluu kidogo, kama sufuria ambayo haijawahi kuona moto. Nje ya kioo watu walipiga makofi. Mwenye duka alimbandika kifuani beji yenye jina la kopo, akampeleka kauntani kwa mkono wake mwenyewe, na foleni ikaanza.

Mwalimu mstaafu alifika makofi yakiwa yamekwisha. Hakuona weusi, hakuona dawa. Alikuja kichwa wazi. Kwa mara ya kwanza tangu afahamike mtaa ule alikuwa amekiacha kilemba, na mvi zake zilikuwa nyingi, nyeupe, zimechanwa vizuri kama za mtu anayekwenda kupigwa picha. Aliingia akitabasamu. Kisha akaiona beji. Akayaona makopo mikononi mwa wenzake kwenye foleni, akakitazama kichwa cha Mama Piko, akarudi tena kwenye beji.

"Kumbe ni ya kopo," alisema.

Mama Piko alifungua mdomo. Mwenye duka alikuwa amesimama karibu, akiwatabasamia wateja wote kwa pamoja.

"Siku zote ilikuwa kopo," Mwalimu aliendelea, bila hasira, kama mtu anayejisahihisha mtihani wake mwenyewe. "Na mimi nimetembea hivi kutoka nyumbani." Alinyoosha mkono, akachukua kopo moja la Fedha Asili na kuligeuza mgongo. "Haya. Wewe hudanganyi. Unaonaje?"

Akangoja.

Kitu chenye unyevu kiliteremka nyuma ya sikio la Mama Piko, kikaingia kwenye ukosi. Aliinua mkono, akagusa kichwa chake, akatumia lile jibu lake la zamani. "Si unaona mwenyewe?"

"Naona," alisema Mwalimu. "Nimekuuliza wewe."

Nyuma yao foleni ilikuwa imesogea ili isikie. Mama Piko alilitazama kopo, maana lilikuwa rahisi kutazamika kuliko uso wa yule mwanamke.

"Zuri," alisema.

Mwalimu alichukua mawili. Kabla ya kutoka alisimama mlangoni, akatafuta kilemba ndani ya mkoba, akakifunga kwa nguvu mpaka ngozi ya paji ikavutika. Mteja aliyefuata akasogea kauntani na makopo yake mkononi, akauliza lile swali, na safari hii Mama Piko hakuhitaji kufikiri.