Gego la Mghanga Langoni mwa Misri

Ashibaye maharagwe ya bweni huona mengi, na Mghanga ameshiba. Ni mchana, yuko ukumbini akingoja zamu yake kwenye mdahalo, atetee hoja kwamba Wamisri wa kale ni ukoo wake, Wataita. Bweni likishindwa, chapati za Jumapili zitaliwa na wapinzani, na ni yeye aliyeziweka rehani bila kumwuliza mtu. Kope zinakutana. Sakafu inageuka mchanga, mchanga unageuka barabara, barabara inazaa barabara, na zote zinaishia kwenye mji uleule uliopinduka ndani ya mto, watu wakitembea vichwa chini bila kumwaga maji ya mitungi. Langoni yupo bawabu aliyeviringwa kitani, asiye na uso hata wa kuazima. Shikamoo, babu, anasema Mghanga, wewe ni Mtaita? Marahaba, nani kakwambia? Sisi Wataita tuliweka mafuvu ya wazee mapangoni, nyinyi mkawahifadhi wenu miili mizima mizima, basi ni ndugu. Bawabu anatikisa kichwa. Kuku anataga, mamba anataga, je, hualikana harusini?

Mghanga anaziona chapati zikiota mbawa. Nipe ushahidi, babu, hata kidogo. Ushahidi hukaa menoni, anajibu bawabu, na kwa upole wa mtu achumaye pera anamng'oa gego na kulitupa mtoni. Mto unaitika kwa sauti za wanawake, mabibi waliowazaa Wamisri. Mimi nilitoka kusini. Mimi magharibi, jangwa lilipokuwa nyasi. Mimi mashariki, na mbuzi wangu. Na lugha yenu? anauliza Mghanga. Ina binamu kwa Waoromo, kwa Wahausa, kwa Waarabu, anasema bawabu. Kitaita chako hakimo, pole. Sasa nyinyi ni wa nani? Nawe niambie, mto huu ni wa kijito kipi?

Mghanga! Ni Guyo, nahodha wa bweni, anamtikisa. Kichwa cha Mghanga kimeviringwa karatasi ya chooni, mzaha ambao Mghanga mwenyewe aliwabunia wenzake muhula uliopita, na ukumbi unavunjika mbavu. Anapanda jukwaani hivyo hivyo. Waheshimiwa, Wamisri hawakuwa wa ukoo wangu, wala wa ukoo mmoja wa mtu yeyote. Chapati zetu, we mwehu! analia Guyo. Kisha anamkazia macho. Ebu, mbona una damu mdomoni? Mghanga anapitisha ulimi. Pale penye gego pana mwanya, na mwanya una ladha ya maji ya mto. Anainama polepole kutazama sakafu, kama bado ni sakafu.