Blanketi ya Vipande Niliyotuma Kolwezi

Ile mwaka bamama ba ku robine, pa kuteka maji, balisema ya kuwa baridi ya Kolwezi iko inaua batoto bachanga. Nani aliona? Hakuna. Lakini ile neno ilikataa kutoka mu kichwa yangu, sababu Wivine, mutoto yangu wa pekee, aliolewa kule, na alikuwa amezaa. Miezi mine, na ule mujukuu, Alexis, sijamubeba hata siku moja.

Nikatoa marobe, magauni ya Wivine ya usichana, na mashati ya marehemu baba yake. Nikakata vipande vya viganja viwili. Robe ao shati juu, blanketi kuukuu katikati, kitambaa laini cha flanele chini, na mushono wa musalaba kuzishikanisha. Nikapanga robe moja, shati moja, ili baba na mutoto bakae karibu. Nikaviunga, ncha zote zibaki inje, nikazikatakata na mukasi. Ukifua, zile ncha zinafumuka, zinakuwa laini kama manyoya ya kifaranga.

Lakini sikufua.

Jirani yangu Ngalula akanicheka: "Mama Wivine! Unatuma blanketi ao moshi ya jiko yako?"

"Acha, dada. Wivine asikie harufu ya kwetu."

"Na zile nyuzi? Fua, zianguke!"

"Nikifua, baba yake atatoka na maji."

Donat, ndugu yangu anayetumika kazi ku treni, akaipeleka. Kisha ya wiki tatu akairudisha, na barua ya Wivine:

"Mama, uzi moja ilitoka mu blanketi, ikafunga Alexis kidole cha muguu. Alilia muchana muzima, sikujua sababu. Muuguzi alipoikata, kidole kilikuwa kimekuwa bluu. Sasa amepona. Usikasirike. Naitaka sana, lakini naogopa. Ufue, uirudishe."

Nikaifungua. Ilinuka mafuta ya mutoto, na maziwa. Alexis. Nikaweka uso ndani, nikabaki vile mpaka maji ku moto ikaanza kumwangika. Kisha nikaizamisha.

Nilifua mara tatu, nikaikung'uta inje, nikang'oa nyuzi moja moja, kisha nikamupa Donat aipeleke tena.

Wewe mama unayeshona, epuka:

Kutuma bila kufua kwanza, hata roho ikikuuma.
Kukata ncha mpaka kugusa mushono.
Kitambaa chepesi chenye kutoa nyuzi ndefu.
Kufunika mutoto muguu wazi, bila soksi.
Kumuacha mutoto wa maziwa peke yake na blanketi.
Kunyamazisha kilio bila kuangalia vidole kwanza.