Kiganja

Karakana nzima ilimwita Kiganja, na jina hilo hakupewa bure. Mafundi wengine wakimaliza kupiga msasa huinama, wakatumbua macho, wakatafuta kosa kwenye mwanga. Yeye aliufuta mlango wa gari kwa kitambaa, akafumba macho, akapitisha kiganja taratibu kutoka kwenye bawaba hadi kwenye kitasa. Akisema pana bonde, hata liwe dogo kama unene wa ukucha, ubishi umekwisha.

"Ndivyo ulivyomchagua dada yangu," shemeji yake alipenda kumtania. "Macho umefumba."

"Ningefumbua ningekuona wewe nyuma yake, nikatimua mbio."

Shemeji huyo alikuwa fundi wa kunyoosha bodi. Yeye anagonga, Kiganja anasawazisha na kupaka rangi. Miaka kumi na tisa sasa, bega kwa bega.

Lakini kwa miezi mitatu vidole vya Kiganja vilikuwa vimekufa ganzi. Ni sukari, daktari alimwambia. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Aliogopa, tusimung'unye maneno. Fundi aliyeitwa Kiganja, kiganja chenyewe kikinyamaza, anabaki na nini zaidi ya ndoo ya maji?

Asubuhi moja kulikuwa na gari jeupe la mwalimu mstaafu, lililogongwa mlango wa dereva. Shemeji alikuwa ameshaunyoosha. Kiganja akaziba mabonde kwa puti, akapuliza praima, rangi ya msingi ya kijivu, ikabaki kuulainisha kwa msasa wa maji kabla ya rangi yenyewe. Kosa la hatua hiyo halionekani upesi. Linangoja rangi ing'ae, kisha linajianika juani mbele ya mwenye gari.

Alisugua muda mrefu kuliko kawaida, maana hakujua pa kukomea. Akafumba macho, akapapasa. Hakuna kitu. Akasugua tena kwa ncha za vidole, akikazana kwa hasira, huku amefumba macho kwa ukaidi tu. Alipoyafumbua, aliona michirizi myekundu ikiteremka juu ya kijivu.

Akashika kiuno. "Muone mwalimu huyu! Mtu mzima na mvi zake anaapa gari halijawahi kuguswa na fundi tangu alinunue. Kumbe chini ni jekundu! Njoo ujionee."

Shemeji akaja, nyundo mkononi. Akautazama mlango, kisha akamtazama yeye. Hakucheka wala hakutania, na hilo ndilo lililomtisha Kiganja.

"Shemeji," alisema polepole, "hebu lete mkono."

Kiganja akautazama mkono wake mwenyewe. Msasa ulikuwa umepinduka na kula ngozi ya vidole vitatu. Damu ilichuruzika pamoja na maji hadi kwenye kiwiko, naye hakuwa amehisi hata mwasho.

Akasema yote, macho yake kwenye ndoo. Shemeji akamwosha vidole, akavifunga kwa kitambaa safi.

"Dada anajua?"

"Hajui."

"Leo atajua. Mwambie wewe kabla sijamwambia mimi."

Kiganja akaitikia kwa kichwa. Kisha akaufuta mlango kwa mkono uliobaki, akasogea pembeni.

"Weka nyundo chini. Haya, kiganja chako hapo kwenye bawaba. Usikandamize. Fumba macho."

"Mimi? Huu si mkono wa rangi, shemeji."

"Fumba."

Shemeji akafumba. Mkono ule mpana, wenye sugu za nyundo, ukaanza safari yake. Karibu na kitasa ukasita, ukarudi nyuma, ukapita tena.

"Hapa," alinong'ona. "Hapa pana bonde."

Kiganja akapagusa palepale kwa mkono wake mzima. Akafumba macho, akangoja. Hakuhisi kitu. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Kweli, pana bonde," alisema. "Lete puti."