Tunalinda Goli la Kusini

Nimefanya kazi katika majimbo mengi, na nilipochoka kuhama nikatua Harlow, Nebraska. Siku za mechi za futiboli ya Kimarekani walinipa kazi ya kushika mnyororo wa kupimia yadi pembeni mwa uwanja. Kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe, sikuhadithiwa.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Novemba, upepo wa kaskazini unavuma kama una deni na mtu. Shule yetu ilikuwa inafungwa mwaka ule. Wanafunzi waliobaki wangehamia Dorrance, kwa watani wetu, na hao walikuwa wametufunga miaka kumi na moja mfululizo. Mechi nyingine isingekuwapo. Tukishindwa, watoto wetu wangeingia kule vichwa chini, na wangetaniwa mpaka wamalize shule.

Nahodha wetu, Wade Krenek, ambaye ndiye pia anayetupigia mpira kwa mguu, akaenda katikati kwa ajili ya kurusha sarafu. Akasema tai, sarafu ikalala upande wa tai.

"Unachagua nini?" akauliza mwamuzi, Bwana Buhr, muuza mbegu asiyejua kucheka.

"Tunapiga."

Miaka yote kocha wetu alikuwa akiwaambia, "Tukishinda sarafu, tunapiga," maana yake wapinzani waanze na mpira, sisi tuupate kipindi cha pili. Waamuzi waliotuzoea walikuwa wakiandika kwamba tumeahirisha chaguo letu hadi kipindi cha pili, maisha yakaendelea. Bwana Buhr hakuwa ametuzoea.

"Hukuahirisha," akasema, akiandika. "Umechagua kupiga, na umeshachagua. Kipindi cha pili, wa kwanza kuchagua ni Dorrance."

Basi Dorrance wakapata mpira, wakachagua na upande wenye upepo mgongoni, na baada ya mapumziko wangeupata mpira tena. Kocha Pokorny alivua kofia aitupe chini. Upepo ukaichukua hadi kwenye uzio.

Robo ya kwanza walivuka mstari wetu wa goli mara mbili, kumi na nne kwa bila. Robo ya pili timu zikabadilishana pande, upepo ukawa wetu, tukarudisha saba.

Katika chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyemtazama Wade usoni. Duane, lile pande la mtu la mstari wa mbele, ndiye aliyeanza kusema.

"Hata kanisani sadaka wanapitisha mara moja. Wewe umewapa mpira mara mbili."

Wade akainuka. Akanigeukia mimi. "Mzee Orrin, unacho kile kitabu cha sheria?"

Huwa nakibeba kwenye koti, kwa ajili ya mabishano. Akakisoma kwa kidole, midomo ikicheza, akarudia mara mbili.

"Kocha, hapa wameandika vitu viwili. Mpira ni kimoja, goli la kulinda ni kingine. Anayechagua anachukua kimoja tu. Kinachobaki ni cha mwenzake."

"Najua. Watachukua mpira, sisi tutachukua upepo."

"Tusiuchukue," akasema Wade. "Tuwape robo ya tatu. Pande zikibadilishwa, robo ya mwisho yote ni yetu."

"Unataka upepo wa usoni kwa hiari yako?"

"Robo moja tu, kocha. Tuamini, tutawazuia."

Pokorny akakichukua kitabu, akakisoma mwenyewe. "Haya. Ila safari hii sema kama ilivyoandikwa."

Katikati ya uwanja nahodha wa Dorrance alitabasamu. "Tunapokea mpira, na tunalinda kusini, upepo wa robo ya mwisho uwe wetu."

"Umechagua mpira," akasema Bwana Buhr. "Goli si lako kuchagua. Harlow?"

"Tunalinda goli la kusini," akasema Wade, polepole, neno kwa neno.

Watu wetu wakaguna, maana kulinda kusini ni kuanza na upepo usoni. Mama mmoja akapaza sauti kutoka ndani ya gari lake, "Mnyang'anyeni huyo unahodha kabla hajawapa na basi letu."

Robo ya tatu ilikuwa mateso. Dorrance walikuja na upepo mgongoni mara nne, na mara zote nne Duane na wenzake waliwalaza palepale, mara ya mwisho yadi mbili tu kutoka mstarini. Nilipima kwa mnyororo mwenyewe.

Kisha pande zikabadilishwa. Dorrance wakipiga, mpira unapanda, unasita, unarudi kuanguka miguuni mwao. Wade akaupitisha kati ya milingoti kutoka yadi arobaini, pointi tatu: kumi na nne kwa kumi. Akaupitisha tena: kumi na tatu. Zikabaki sekunde sita, yadi hamsini na mbili, umbali ambao hajawahi kuufikisha hata mazoezini. Akapiga. Upepo ukaupokea mpira, ukaubeba juu ya mwamba wa goli, na Bwana Buhr akainua mikono yote miwili.

Kumi na sita kwa kumi na nne. Magari yaliyozunguka uwanja yakapiga honi kwa pamoja, na lile la yule mama likawa la mwisho kunyamaza.

Baada ya mechi, ukumbini mwa shule, tulikula maharagwe ya pilipili na mkate wa mdalasini, kama kawaida yetu. Duane alisimama mbele ya Wade na sahani ya mwisho, yenye maharagwe na mkate.

"Nahodha, unachagua nini?"

"Mkate."

"Umeshachagua," akasema Duane, akampa mkate, akakaa kula maharagwe.